Madaraka ya Rais na mpasuko wa wapinzani: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kila tukimaliza swala ya alasiri tunabishana jambo moja na halina mwisho. Kundi moja linasema Rais wa Tanzania amepewa madaraka makubwa mno, ndiyo maana upinzani hausimami. Kundi la pili linasema hicho ni kisingizio, wapinzani wanajimaliza wenyewe: CUF tuliyoipa jimbo letu mwaka 2015 iligawanyika tukiitazama, na Chadema nayo imepasuka. Wewe umefundisha sheria ya katiba. Nani mkweli? Na katiba mpya ikipatikana, migogoro hii ya vyama itakwisha?"

Marahaba, kijana wangu. Nisalimie baraza zima.

Mnabishana kama watu wenye hoja mbili zinazopingana, kumbe mnaelezea jambo moja, kila kundi kwa upande wake. Wapinzani wanagombana kwa makosa yao, hilo sitalificha. Lakini kinachogombewa, na namna ugomvi unavyoisha, kwa sehemu kubwa kimeamuliwa na Katiba iliyomlundikia mtu mmoja kila kitu. Niruhusu nieleze kwa kirefu, maana swali lako halijibiki kwa mistari miwili.

Watu wakitaka kuonyesha ukubwa wa madaraka ya Rais hukimbilia Ibara ya 37 ya Katiba ya 1977, inayosema Rais halazimiki kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Ni ibara nzito, lakini mimi siyo inayonikosesha usingizi. Inayofuatana nawe hadi mtaani ni Ibara ya 36, ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka na kuteua watu wa kuzishika, pamoja na sheria zilizojengwa juu yake.

Litazame kwa mji wako. Mwaka 2015 watu wa Tanga Mjini walimchagua Mussa Mbarouk wa CUF kuwa mbunge wao, na chama hicho kikaingiza madiwani wengi katika Halmashauri ya Jiji. Ulikuwa ushindi mkubwa. Je, serikali ya Tanga ilibadilika? Mkuu wa Mkoa aliteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya, naye aliteuliwa na Rais, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Mkurugenzi wa Jiji, anayeshika fedha na watumishi, aliteuliwa na Rais pia, na uchaguzi ulipofika huyo huyo mkurugenzi ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi jimboni. Mahakama Kuu ilisema mwezi Mei 2019 kwamba utaratibu huo wa wakurugenzi kusimamia uchaguzi unavunja Katiba, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe. Oktoba mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na wakurugenzi wakasimamia uchaguzi wa 2020. Ongeza Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inayowapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Diwani aliyepigiwa kura na watu wa kata yake anaweza kulala mahabusu kwa amri ya mtu ambaye hakupigiwa kura na yeyote. Sheria ina masharti ya kutumia uwezo huo, nayo mara nyingi hayafuatwi.

Kwa hiyo anayesema upinzani uliwahi kupewa nafasi Tanga ukaichezea, mwambie nafasi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana siku matokeo yalipotangazwa.

Najua kundi la pili lina jibu lao: Katiba hiyohiyo ina breki. Ni kweli, nami huwaambia wanafunzi wasiseme Rais wa Tanzania hana mipaka kwa maandishi. Ibara ya 46A inaruhusu Bunge kumwondoa Rais madarakani: taarifa iungwe mkono na wabunge wasiopungua asilimia 20, iundwe kamati ya uchunguzi, kisha theluthi mbili ya wabunge wote wapige kura ya kumtia hatiani. Ibara ya 97 inasema Rais akikataa kuutia saini muswada na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, ausaini ndani ya siku 21 au avunje Bunge. Waziri Mkuu naye hathibitiki bila kura ya Bunge.

Sasa angalia breki hizo zimefungwa wapi. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza ubunge. Na kwa mazoea ya CCM, Rais ndiye mwenyekiti wa chama, anayeongoza Kamati Kuu inayopitisha majina ya wagombea ubunge. Hizo ndizo kofia mbili tunazozisema kila siku. Mbunge wa CCM anayetaka kutia saini taarifa ya kumwondoa Rais atakuwa anatia saini dhidi ya mwenyekiti wa vikao vinavyoweza kumfukuza, na akifukuzwa chama, kiti kinakwenda. Sophia Simba, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya ya wanawake ya CCM, alifukuzwa chama Machi 2017 na ubunge wake ukaishia hapo. Mwaka 1993 wabunge 55 wa CCM, waliojulikana kama G55, walidai serikali ya Tanganyika na Bunge likawakubalia. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa nguvu zote, na mwaka uliofuata azimio likazimwa. CCM nayo hupasuka ndani kwa ndani kama chama kingine chochote. Tofauti ni kwamba aliyeshindwa ndani ya CCM bado anaweza kuteuliwa balozi, mkuu wa wilaya, mjumbe wa bodi, au kuwa mmoja wa wabunge 10 ambao Rais anaruhusiwa kuwateua. Uteuzi ni dawa ya kutuliza ugomvi, na kabati la dawa hiyo lina ufunguo mmoja.

Upinzani hauna kabati hilo. Una jambo moja tu la kuamua, nalo hurudi kila baada ya miaka mitano: tuingie katika uchaguzi kwa sheria hizi, au tususie mpaka zibadilishwe?

Hili si swali geni, wala halikuanza na vyama vingi. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, uwe na watu wa kusimamisha usiwe nao. Lilikuwa sharti la kudhalilisha. Wengi walitaka kususia. Nyerere akashawishi chama kikubali kuingia, na Zuberi Mtemvu akatoka kwa hasira akaunda chama chake, African National Congress. Mtemvu huyo ndiye aliyesimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa kwanza wa Rais mwaka 1962 na kupata chini ya asilimia mbili ya kura. Waulizeni wazee wa Tanga, mji huu ulikuwa na watu wake katika mjadala ule. TANU iligawanyika kwa swali lilelile linaloigawa Chadema, na hakuna anayesema leo kwamba TANU kilikuwa chama cha watu wasiojiweza. Watu wenye akili na nia njema wanaweza kutofautiana juu ya kuingia au kususia, kwa sababu kila njia ina gharama yake.

Fuata mstari huo uone unavyojirudia. Aprili 2014, Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, walitoka katika Bunge Maalum la Katiba kwa kuona rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba inachakachuliwa. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa. Zanzibar, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia wa marudio wa Machi 2016, na ikabaki nje ya serikali miaka mitano. Halafu ikaja 2025. Januari mwaka ule Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Chadema kwa kura 513 dhidi ya 482, akabeba msimamo kwamba bila mabadiliko ya sheria hakuna uchaguzi. Hesabu mwenyewe: tofauti ya kura 31 katika mkutano wa watu karibu elfu moja. Chama kilichogawanyika nusu kwa nusu namna hiyo kilihitaji miezi ya kuponya majeraha. Hakikuipata. Aprili 9 Lissu alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini. Aprili 12 Chadema haikusaini maadili ya uchaguzi, na Tume ikatangaza kuwa haitashiriki. Kundi la wanachama waliojiita tena G55, waliotaka chama kiingie uchaguzini, likaondoka, na Mei wengi wao wakahamia CHAUMMA. Salum Mwalimu, aliyekuwa naibu katibu mkuu wa Chadema Zanzibar, akawa mgombea urais wa chama hicho kipya kwake. Oktoba 29 uchaguzi ukafanyika bila jina la Chadema kwenye karatasi ya kura.

Mimi siwezi kuwaita wale G55 wasaliti, na siwezi kumwita Lissu mkaidi. Mtu aliyetumia maisha yake kujenga chama jimboni, akaona miaka mitano mingine inakwenda bila diwani hata mmoja, ana haki ya kuuliza tutakula nini kisiasa. Na aliyeshuhudia uchaguzi wa 2020, ambao CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264, ana haki ya kuuliza tunaingia kufanya nini. Jibu la swali la pili lingekuwa rahisi kama matokeo ya urais yangeweza kupingwa mahakamani. Hayawezi. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayohoji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, na bado ipo. Mlango wa mahakama umefungwa, na Bunge liko kama nilivyokueleza. Kinachobaki mkononi mwa chama ni kushiriki au kutoshiriki, basi chama chote kinajibana kwenye swali hilo na kupasuka hapohapo.

Nije kwa CUF, maana naona ndiyo inayowauma zaidi hapo barazani, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nani huamua ugomvi wa vyama.

Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti kwa kutokubali Edward Lowassa aliyetoka CCM awe mgombea wa Ukawa. Miezi kumi baadaye, Juni 2016, akaandika barua kwamba anafuta kujiuzulu kwake. Upande wa Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu, ukasema huwezi kurudi kwenye kiti ulichokiacha. Hebu fikiri: swali hilo lilikuwa la katiba ya chama, la wanachama wenyewe kulimaliza katika mkutano wao. Lilimalizwa wapi? Septemba 2016 Msajili wa Vyama vya Siasa aliandika kumtambua Lipumba kuwa mwenyekiti halali. Msajili huteuliwa na Rais. Kutambuliwa huko kulikuwa na maana kubwa: ruzuku, ofisi, na nani asikilizwe na Bunge. Julai 2017 upande wa Lipumba ukawafukuza wabunge wanane wa viti maalum, Spika akapokea barua, na mara moja wakapoteza viti vyao kwa Ibara ileile ya 71.

Sasa weka pembeni yake jambo la pili. Novemba 2020 Kamati Kuu ya Chadema iliwafukuza wanachama 19, Halima Mdee akiwa mmoja wao, walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalum bila chama kukiri kupeleka majina yao. Mei 2022 Baraza Kuu likakataa rufaa zao. Wakaenda mahakamani, na wakabaki bungeni hadi muhula ulipokwisha 2025. Katiba ni ileile, ibara ni ileile. Wanane wa CUF walitoka kwa barua ya upande mmoja wa chama kilichogawanyika, na 19 wa Chadema walikaa miaka mitano dhidi ya uamuzi wa vikao viwili vya chama chao. Nimejaribu kutafuta tofauti ya kisheria inayotosha kueleza hilo na sijaipata. Ninachokiona ni kwamba mamlaka za dola zilichagua lini neno la chama lisikilizwe na lini lisisikilizwe.

Mgogoro wa CUF ukaenda hivyo hadi Machi 18, 2019, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba Lipumba ndiye mwenyekiti halali. Siku hiyohiyo Maalim Seif na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo kwa wito wa "shusha tanga, pandisha tanga". Bendera za CUF zilizokuwa zinapepea Zanzibar zikashushwa zikapandishwa za ACT kwa siku chache tu. Tanga mambo hayakuwa mepesi hivyo. Wako waliobaki, wako waliohama, na wengi, kama nionavyo mimi, walikaa nyumbani. Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM kwa Ummy Mwalimu.

Lakini sitawaacha wapinzani waondoke bila lawama, kwa sababu kundi la pili la barazani kwako lina ukweli wao. Chama kinachodai Rais apunguziwe madaraka kinapaswa kuonyesha kwa mwenyekiti wake kwamba kinaamini kinachosema. Mbowe alikaa uenyekiti tangu 2004 hadi 2025. Lipumba ameuongoza CUF tangu 1999, ukiacha ule mwaka aliojiuzulu. Lowassa mwaka 2015 aliletwa juu ya chama kwa mazungumzo ya viongozi wachache, na Chadema ikampoteza Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu aliyekuwa mgombea wake mwaka 2010, kwa namna iliyowaumiza wanachama wengi wa kawaida. Zitto Kabwe alivuliwa nyadhifa zake ndani ya Chadema Novemba 2013 kwa waraka wa kutaka kubadili uongozi, jambo ambalo chama chenye afya kingelimaliza kwa kura. Vyama vyetu vimeiga Ikulu. Vina mwenyekiti anayeteua, kamati inayopitisha, na mwanachama anayesubiri tangazo. Ndiyo maana ule mkutano wa Januari 2025, pamoja na majeraha yote yaliyofuata, naupa heshima: mwenyekiti wa miaka 20 alishindwa kwa kura zilizohesabiwa hadharani na akakubali. Chama kikubwa cha siasa nchini hakikuwa kimetuonyesha hivyo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mkiniuliza mzigo ugawanywe vipi, nitasema upasukaji ni wao, lakini kushindwa kuungana tena baada ya kupasuka kumetokana zaidi na sheria na mamlaka zinazoingilia.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Katiba mpya haitamaliza ugomvi wa vyama. Tazama Kenya, jirani zenu hapo ng'ambo ya Horohoro. Katiba yao ya 2010 ilipunguza sana madaraka ya Rais, mawaziri wanahojiwa na Bunge, na Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Raila Odinga aliyeshinda kesi hiyo akasusia uchaguzi wa marudio wa Oktoba. Mwaka 2024 viongozi wakubwa wa ODM, chama alichokiongoza Raila, akiwamo John Mbadi na Hassan Joho, wakaingia katika baraza la mawaziri la Rais William Ruto, na ODM ikaanza kuvutana kama kawaida. Wanagombana Kenya, na wataendelea. Lakini kule ugomvi wa chama una pa kwenda kwanza: kuna baraza maalum la kuamua migogoro ya vyama, na wajumbe wake huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, siyo na Rais. Anayeshindwa hapo anaweza kulalamika, lakini hawezi kusema kwa haki kwamba aliyemhukumu ni mteule wa mpinzani wake.

Rasimu ya Warioba ilikuwa na mambo ambayo yangepunguza joto hili. Matokeo ya urais yangehojiwa Mahakama ya Juu, mshindi angehitaji zaidi ya nusu ya kura, sharti tulilokuwa nalo na tukaliondoa kwa marekebisho ya mwaka 2000, na mawaziri wasingekuwa wabunge. Mijadala ikifufuka, watu wataivuta tena kwenye serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), kama ilivyokuwa 2014, na haya mengine yatapita bila kutazamwa. Msiyaache yapite. Mkisoma rasimu yoyote itakayokuja, tafuteni kwanza nani anamteua Msajili wa Vyama na nani anaweza kumwondoa. Sheria ya Tume ya Uchaguzi ya 2024 iliweka kamati ya usaili, lakini mwisho wa safari uteuzi wa mwenyekiti bado uko kwa Rais, na Msajili naye bado huteuliwa na Rais.

Kisha tafuteni mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila aliligombea hili tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa haki mara mbili, Mahakama ya Rufani ikamnyima mwaka 2010, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ikasema Tanzania inavunja haki kwa kumlazimisha mtu kupitia chama. Watu hawalihusishi na mipasuko ya vyama, ilhali linahusika sana. Mwanasiasa anayejua anaweza kusimama mwenyewe akishindwa ndani ya chama hana sababu ya kukipindua chama au kukihama usiku na wafuasi wake. Rasimu ya Warioba ililikubali. Kwa sheria ilivyo, kijana wangu, hata ukitaka udiwani wa Ngamiani Kati, na kata nzima ikawa nyuma yako, fomu yako haipokelewi mpaka chama kiidhinishe jina lako.